Vifo kutokana na uonevu wa wanafunzi wapya na makuruta

Uonevu wa wanafunzi wapya na makuruta ni desturi ya kumtesa, kumdhalilisha au kumtumikisha mtu anayejiunga na shule, chuo, chama cha wanafunzi, timu au kikosi cha jeshi, kwa sababu tu ni mgeni. Wanaoifanya huiita "kumkaribisha", "kumzoesha" au "kumkomaza". Mara nyingi huishia kwenye vicheko vya wakubwa na machozi ya wadogo kwa siku chache. Katika nchi nyingi, hata hivyo, desturi hii imeua watu, ama kwa kipigo, maji, pombe, baridi na kuchoshwa kupita kiasi, ama kwa kumsukuma aliyeonewa ajitoe uhai.

Vifo hivi vitofautishwe na vifo vinavyotokana na adhabu ya mwalimu. Mnamo Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano wa Shule ya Msingi Kibeta, mjini Bukoba, alifariki baada ya kupigwa na mwalimu kwa tuhuma ya wizi wa pochi. Machi 2019 Mahakama Kuu ilimhukumu mwalimu huyo kunyongwa hadi kufa. Tukio hilo liliitikisa nchi, lakini ni la mwenye mamlaka aliyevuka mipaka yake. Makala hii inahusu jambo jingine: madhara ambayo wanafunzi huwafanyia wanafunzi wenzao, na askari huwafanyia askari wenzao, bila mamlaka yoyote ya kisheria.

Majina

Katika shule za bweni za Tanzania mwanafunzi wa kidato cha kwanza huitwa njuka, wingi manjuka. Kenya huitwa mono. Rwanda desturi hii hujulikana kama kunnyuzura. Burundi na Kongo, ambako vyuo vilijengwa kwa mfumo wa Kibelgiji, hutumika neno la Kifaransa bizutage, na mgeni huitwa bleu, yaani "wa buluu". India na Sri Lanka husema ragging. Watanzania waliosoma vyuo vya India wanalijua neno hilo vizuri. Katika jeshi la Urusi huitwa dedovshchina, kutokana na neno ded, yaani babu: askari aliyekaribia kumaliza muda wake ndiye "babu", na anayeingia ni mtumwa wake.

Majina hayo yana jambo moja la pamoja. Yote humpa mgeni hadhi iliyo chini ya mtu kamili, na humwahidi kwamba hadhi hiyo itakwisha pale atakapokuja mwingine wa kuichukua.

Katika shule za bweni

Mtoto anayetoka kata kama Unyambwa, katika Manispaa ya Singida, akipangiwa shule ya bweni ya mkoa mwingine, hufika na tranka, godoro, ndoo, jembe, fyekeo na fedha kidogo za matumizi. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hamjui mtu yeyote. Usiku wa kwanza ndio mrefu kuliko yote. Kuna mambo ya mzaha, kama kuamriwa kuzima taa ya umeme kwa kuipuliza, kupima urefu wa bweni kwa kijiti cha kiberiti au kupiga simu nyumbani kwa kutumia kiatu. Kuna yasiyo mzaha: kufua nguo za wakubwa, kuwachotea maji, kunyang'anywa sukari na sabuni, kulala chini ilhali godoro linatumiwa na mwingine, na kupigwa.

Mwalimu yeyote aliyewahi kushika zamu ya bweni anajua ugumu wa kuyagundua haya. Ukiingia na tochi, wote wamelala. Asubuhi ukimuuliza mtoto amepatwa na nini usoni, atakuambia ameteleza bafuni. Hasemi, kwa sababu mwalimu atarudi nyumbani kwake jioni, naye atabaki na wale wale. Wazazi nao wengi waliosoma bweni huwaambia watoto wavumilie, wakikumbuka kwamba wao walivumilia. Waliovumilia ndio wanaosimulia, na kwa sababu hiyo masimulizi ya shule huelemea upande wa kicheko.

Kenya, ambako shule za bweni ni nyingi zaidi, suala hili limefika mara kadhaa mbele ya wachunguzi wa serikali. Mapema mwaka 2017 Alliance High School, shule kongwe iliyoanzishwa Kikuyu mwaka 1926, ilichunguzwa kufuatia madai kwamba viranja walikuwa wakiwapiga na kuwadhalilisha wanafunzi wa madarasa ya chini. Mkuu wa shule akaondoka. Hapakuwa na kifo. Lakini Mei 1999, katika shule ya sekondari ya Nyeri, wanafunzi waliwafungia viranja wanne katika vyumba vyao usiku na kuwachoma moto hadi kufa. Tukio hilo si la kukaribisha wageni. Linatajwa hapa kwa sababu linaonyesha jinsi chuki inavyoweza kufika mbali pale ambapo baadhi ya wanafunzi wamepewa uwezo juu ya wenzao.

Mzee Punch na kifo cha Levina Mukasa

Kwa Tanzania, kifo kinachokumbukwa zaidi ni cha Levina Mukasa, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mnamo Februari 1990. Jina lake katika maandishi mengine huandikwa Revina.

Chuo hicho kilianza mwaka 1961 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, katika jengo la TANU lililoko mtaa wa Lumumba. Kilihamia Mlimani mwaka 1964 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1970. Mlimani wanaume walikuwa wengi kuliko wanawake kwa mbali. Hapo ndipo lilipokuwepo kundi la siri la wanafunzi wa kiume lililojiita Mzee Punch. Silaha yake ilikuwa ukuta: maandishi na michoro iliyobandikwa usiku, bila jina la mwandishi, ikisomwa asubuhi na umati. Mwanzoni maandishi hayo yalisifiwa kwa kuwasema viongozi na watu wenye majivuno, na hata leo wapo wahitimu wa zamani wanaolizungumzia kundi hilo kama kejeli ya wasomi. Kadiri miaka ilivyopita, shabaha kubwa ilikuwa wanafunzi wa kike. Msichana aliyemkataa mwanamume fulani, aliyeonekana kujitenga, au aliyefaulu kupita wanaume, aliweza "kupanchiwa": kuchorwa uchi, kutungiwa visa vya ngono na kuitwa majina.

Ubaya wa Punch haukuwa kwenye karatasi peke yake. Aliyepanchiwa alitengwa. Aliyekaa naye kwenye meza ya chakula, au aliyetembea naye kwenda darasani, alijiweka katika hatari ya kuandikwa ukutani yeye mwenyewe. Hivyo hata marafiki walimkwepa, na watu mamia ambao hawakuwahi kushika kalamu walishiriki adhabu kwa kukaa kimya tu. Mwenye kuonewa hakuwa na wa kumshitaki, kwa kuwa Mzee Punch hakuwa mtu mmoja. Alikuwa kila mtu, na hakuwa yeyote.

Levina Mukasa aliandamwa kwa namna hiyo, kisha akajitoa uhai. Kifo chake kilivunja ukimya. Wanawake wasomi wa chuoni na Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake Tanzania (TAMWA), kilichoanzishwa mwaka 1987 kikiwa na Fatma Alloo kama mwenyekiti wake wa kwanza, walilipeleka jambo hilo mbele ya umma na kukataa liitwe utani wa vijana. Uongozi wa chuo uliipiga marufuku Punch. Mei mwaka huo huo chuo kilifungwa kutokana na mgogoro mwingine, mpana zaidi, kati ya wanafunzi na serikali, na habari za kufungwa kwake zikafunika kwa kiasi fulani habari za msichana aliyekufa. Wanawake hawakuacha. Kampeni dhidi ya ukatili wa kijinsia iliyopata nguvu baada ya kifo hicho iliendelea katika miaka ya 1990, na mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana (Masharti Maalumu), maarufu kama SOSPA. Pamoja na mambo mengine, sheria hiyo iliufanya unyanyasaji wa kijinsia kuwa kosa la jinai.

Yako maoni kwamba kisa hiki ni cha unyanyasaji wa kijinsia na si cha ukaribisho. Ni kweli Punch haikuwaandama wageni peke yao. Hata hivyo mtambo wake ulikuwa ule ule: kundi linalojipa haki ya kuamua nani ni mwenzao, linalofanya kazi usiku, na linalolindwa na woga wa wanaotazama.

Namna kifo kinavyotokea

Wanaoendesha mateso haya ni nadra kukusudia kuua. Hujiona wanafuata mila waliyoikuta. Mwili wa binadamu, lakini, una mipaka isiyojali mila.

Kipigo cha muda mrefu kwenye mapaja, makalio na mikono huvunja misuli. Vitu vinavyotoka katika misuli iliyovunjika huingia kwenye damu na kuziba figo, na mtu anaweza kufa baada ya siku moja au mbili ilhali hana mfupa uliovunjika. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi ni dalili ya hatari. Mazoezi ya kupita kiasi juani, bila maji, huleta matokeo kama hayo pamoja na joto la mwili kupanda hadi ubongo kudhurika.

Maji mengi mno nayo huua. Mwaka 2005, huko Chico, California, kijana Matthew Carrington alilazimishwa kunywa maji chupa kwa chupa huku akifanya mazoezi katika chumba cha chini chenye baridi; chumvi ya damu ikashuka, ubongo ukavimba. Kinyume chake kilitokea Ubelgiji mwaka 2018. Sanda Dia, mwanafunzi wa miaka 20 wa Chuo Kikuu cha Leuven, mtoto wa mhamiaji kutoka Afrika, alitaka kujiunga na chama cha wanafunzi kilichoitwa Reuzegom. Aliwekwa kwenye shimo la maji baridi na kunyweshwa mchuzi wa samaki wenye chumvi nyingi. Alikufa kwa chumvi kuzidi katika damu na mwili kupoa. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya Antwerp iliwahukumu vijana 18 kazi za jamii na faini ya euro 400 kila mmoja, hukumu iliyowakasirisha wengi nchini humo.

Pombe ndiyo muuaji mkubwa katika vyama vya wanafunzi vya Marekani. Timothy Piazza, miaka 19, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, alinyweshwa pombe Februari 2017, akaanguka kwenye ngazi, na wenzake wakakaa karibu saa 12 kabla ya kuita msaada. Saa hizo ndizo zinazojirudia katika visa vingi. Mtu hafi papo hapo. Hufa wakati wenzake wanajadiliana nani atalaumiwa, wanamlaza kwa ubavu, wanasema atalala na kuamka. Anayezimia baada ya kunywa au kupigwa, anayepumua kwa kukoroma na haamki akiguswa, anatakiwa kufikishwa hospitali mara moja.

Jeshini

Tanzania ina Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), lililoanzishwa mwaka 1963. Mwaka 1966 serikali iliamua wahitimu walitumikie kwa lazima, wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana mwezi Oktoba, na Rais Nyerere akawarudisha nyumbani karibu 400. Mafunzo ya lazima yalisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita, ambao huitwa vijana wa mujibu wa sheria. Kila kuruta aliyepita huko ana hadithi za kukimbia mchakamchaka alfajiri na kugaagaa kwenye tope. Mafunzo magumu yanayopangwa na mkufunzi, yenye ratiba, maji na mganga karibu, si uonevu. Mpaka huvukwa pale askari wa kawaida, au afande asiye na idhini, anapojitungia zoezi lake usiku kwa ajili ya kufurahisha wakubwa.

Mpaka huo ulionekana wazi katika kifo cha Jallal Hami nchini Ufaransa. Hami, mzaliwa wa Algeria, alikuwa na miaka 24 na alikuwa ameingia chuo maarufu cha maofisa cha Saint-Cyr. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Oktoba 2012 wanafunzi wa mwaka wa juu waliwaamuru wapya kuogelea kuvuka bwawa la maji baridi, wakiwa na kofia za chuma na mavazi ya vita, ili "kuwafundisha mila". Muziki mkubwa ulipigwa ukingoni. Hami akazama. Mwaka 2021 mahakama ya Rennes iliwatia hatiani wanajeshi watatu, ikawapa vifungo vya nje vya miezi michache, na kuwaachia wengine wanne. Ndugu yake, Rachid Hami, alitengeneza filamu kuhusu jitihada za familia kupata mazishi ya heshima.

Nchini Urusi vifo na ulemavu kutokana na dedovshchina vilifanya akina mama wa askari kuunda kamati yao mwaka 1989, kamati iliyotembea kambi kwa kambi kutafuta watoto. Baada ya kuruta Andrei Sychev kuteswa mkesha wa mwaka mpya wa 2006 hadi kukatwa miguu yote miwili, serikali ilibanwa. Muda wa utumishi wa lazima ulipunguzwa kutoka miaka miwili hadi mmoja mwaka 2008, ili pasiwe na pengo kubwa kati ya "mababu" na wageni. Ni mojawapo ya hatua chache duniani zilizolenga muundo wenyewe wa uonevu badala ya kutisha kwa vifungo tu.

Nchi nyingine

Desturi hii ina umri mkubwa. Mwaka 1873 Mortimer Leggett, mtoto wa jenerali, alianguka korongoni usiku na kufa wakati wa taratibu za kujiunga na chama katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Karne na nusu baadaye orodha ya nchi hiyo bado inaongezeka. Haihusu vyama vya matajiri weupe peke yake: Novemba 2011 Robert Champion, kiongozi katika bendi ya chuo cha Weusi cha Florida A&M, alikufa baada ya kupitishwa ndani ya basi huku wenzake wakimpiga kutoka pande zote.

Ufilipino ilitunga sheria mwaka 1995, miaka minne baada ya kifo cha mwanafunzi wa sheria Leonardo Villa. Sheria hiyo ilikuwa na mianya, na baada ya mwanafunzi mwingine wa sheria, Horacio Castillo, kuuawa mwaka 2017, ilifanyiwa marekebisho mwaka 2018 na kuharamisha desturi hii kabisa. Inasikitisha kwamba wote wawili, na wengi wa waliowatesa, walikuwa wakisomea sheria.

Nchini India kifo cha Pon Navarasu, mwanafunzi wa udaktari aliyeuawa mwaka 1996, kiliifanya Tamil Nadu kutunga sheria mwaka uliofuata. Mwaka 2009 Aman Kachroo, naye wa udaktari, alikufa kwa kipigo cha wakubwa wake waliolewa, na kanuni kali zikatolewa kwa vyuo vyote. Sri Lanka ilipitisha sheria yake mwaka 1998.

Jando na hoja ya mila

Watetezi wa uonevu husema kwamba Waafrika wamekuwa na jando na unyago tangu zamani, na kwamba mtu hakomai bila maumivu. Hoja hii haina msingi imara. Wanyaturu wa Singida, kama makabila mengi, walikuwa na taratibu za kuwaingiza vijana utu uzima, lakini ziliendeshwa na wazee waliojulikana kwa majina, mbele ya jamii, kwa mtoto ambaye wazazi wake walijua yuko wapi. Likitokea baya, palikuwa na wa kuulizwa. Bwenini saa nane za usiku hakuna mzee.

Hata jando lenyewe huua linapotoka mikononi mwa wenye dhamana. Afrika Kusini imepoteza mamia ya vijana katika kambi za jando, nyingi zikiendeshwa na watu wasio na ujuzi. Upungufu wa maji mwilini, vidonda vilivyooza na vipigo ndivyo visababishi vikuu. Bunge la huko lilipitisha sheria ya jando ya kitaifa mwaka 2021.

Sheria

Ufaransa iliufanya uonevu wa wageni kuwa kosa mwaka 1998, hata kama aliyeonewa alikubali. Kifungo chake ni hadi miezi sita. Kipengele cha ridhaa ni muhimu, kwani utetezi wa kawaida mahakamani ni kwamba "alitaka mwenyewe". Marekani karibu kila jimbo lina sheria yake, na Desemba 2024 rais alitia saini sheria ya nchi nzima inayovitaka vyuo kutangaza hadharani matukio ya namna hii.

Tanzania haina sheria inayotaja desturi hii kwa jina. Makosa hushughulikiwa kwa Kanuni ya Adhabu: shambulio, kudhuru mwili, kuua bila kukusudia au kuua kwa kukusudia. Katiba, ibara ya 13, inakataza mtu kuteswa au kupewa adhabu za kinyama na za kumtweza, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mateso dhidi ya mtoto, yaani mtu yeyote aliye chini ya miaka 18, ambao ndio wengi wa wanafunzi wa kidato cha kwanza hadi cha nne.

Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 pia zinahusika, ingawa wanafunzi wachache wanazijua. Zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa mkono wa mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Kiranja hatajwi popote. Kiranja anayeshika fimbo, awe ametumwa na mwalimu au amejituma, anafanya shambulio kama mtu mwingine yeyote barabarani, na aliyemtuma ana la kujibu.